Jalada la Jirani wa Chumba cha Nane

Siku ya Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, jirani wa chumba cha nane alikohoa mara mbili. Bwana Masijala, aliyekaa chumba cha saba, upande wa pili wa ukuta mwembamba, aliweka kikombe chini, akavuta karatasi safi na kuandika: "Amekohoa. Mara mbili. Kikohozi kikavu." Kisha akaitoboa matundu mawili, akaigonga mhuri wa IMEPOKELEWA, akatia saini fupi pembeni, akaipa namba yake ya ukurasa, folio ya kumi na tisa, na kuifunga kwenye jalada kwa uzi wa kijani. Chai ilikuwa bado ya moto.

Jina hilo alipewa na wapangaji wenzake, nusu kwa utani na nusu kwa heshima. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja kubwa, huko chini kusikokuwa na dirisha, ambako kila barua iliyoingia ilipokelewa, ikapewa namba na kupangwa rafuni. Siku aliyostaafu wakubwa walikuwa kikaoni na wadogo walikuwa wamewahi kutoka. Alisubiri kuagwa mpaka saa kumi na moja unusu, akazima taa, akaondoka na mhuri mfukoni. Hakujiona mwizi, kwa kuwa mhuri ulikuwa umemzoea. Tangu hapo alikaa peke yake, na upweke ulimkaba hasa saa za chai, kwa sababu kazini wakati huo angalau mtu alikuwa akipita mlangoni.

Jirani alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, dada wa miaka thelathini na minne. Siku aliyohamia walikutana koridoni, amebeba kiti kichwani.

"Shikamoo, mzee. Karibu sana kwangu, ndiyo nahamia."

Maneno hayo huambiwa kila mtu, hata msoma mita. Bwana Masijala aliyaandika kama folio ya kwanza: "Mwaliko wa mdomo. Haukuwekewa ukomo." Ile shikamoo aliihesabu kuwa ni haya za kike. Folio ya tisa ilihusu kamba ya kuanikia: "Nguo zetu zimekutana." Folio ya kumi na nne ilisema kwamba jirani amezungumza na simu robo saa, kwa sauti ya chini, na kwamba bila shaka alikuwa akiwaeleza watu wa kwao. Juu ya jalada, kwa mwandiko wake mzuri wa herufi kubwa, alikuwa ameandika: NDOA. MAANDALIZI.

Baada ya Jumanne ile jirani hakukohoa tena. Kifua kilimbana, akajipigapiga mgongo, akanywa maji ya moto, wapi. Kikohozi kilisikika kwenye kabati la Bwana Masijala, droo ya tatu, mara mbili, kikavu. Yeye hakushtuka. Kwa uzoefu wake kitu kikishagongwa mhuri wa kupokelewa hakiwezi kuendelea kuwa kule kilikotoka, na barua ikionekana mahali pawili ujue kuna karani mzembe.

Nyayo za jirani ziliingia kwenye folio ya ishirini na tatu. Kuanzia siku hiyo jirani alipita koridoni na viatu vyake vya visigino bila mlio wowote, na watu waligundua kwamba amepita pale tu walipoona mgongo wake. Mama wa chumba cha sita alisema kwamba siku hizi huyu dada anatembea kistaarabu. Ndani ya droo, visigino vilikwenda kutoka mbele hadi nyuma, vikasimama kidogo, vikageuka. Mchana Bwana Masijala aliwafungulia upenyo kidogo wapate hewa. Alisema "wapate" kwa sababu kwenye folio ya ishirini na saba kiliingia kicheko, na aliona si adabu kukiita kitu.

Sauti yenyewe aliifuata stesheni. Alikuwa na kawaida ya kwenda huko Alhamisi alasiri, akakaa kwenye benchi la jukwaa la pili, jalada magotini na mhuri kwenye mfuko wa shati, kumsikiliza mchumba wake akiwa kazini.

"Abiria wa treni ya saa tisa na nusu mnaombwa kusogea jukwaa la pili," ilisema sauti kutoka kwenye kipaza sauti. "Tunawatakia safari njema."

Bwana Masijala aliandika kwamba amesema tunawatakia, si nawatakia, na kwamba huyo mwenzake anajulikana. Akagonga mhuri palepale gotini, ikawa folio ya arobaini na moja. Kipaza sauti kilikuwa kimeanza kuwaita abiria wa saa kumi, kikanyamaza katikati ya neno. Watu wakakitazama, wakatazamana, wakaendelea kukaa, kwa kuwa walishazoea kucheleweshwa. Treni ya saa kumi iliondoka na mabehewa matupu.

Mkuu wa stesheni alimpa jirani siku kumi. Sauti isiporudi, kiti chake atapewa mwingine. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na mama yake alimtegemea yeye. Akamgongea mlango msimamizi wa jengo, akamwonyesha koo, akaonyesha ukuta wa chumba cha saba. Msimamizi alielewa mara moja.

"Mzee hana baya na mtu," alisema. "Nenda na mtu wa kukusemea, fuateni utaratibu. Atawasikiliza."

Jumamosi saa nne asubuhi jirani akaja na mdogo wake. Bwana Masijala alikuwa ameusubiri ugeni huo miezi saba. Alivaa tai, akawakalisha, akamkadiria mdogo mtu kuwa mjumbe wa familia na kumpa kiti chenye mto.

"Shikamoo, mzee. Tumekuja kuchukua sauti ya dada."

"Marahaba, binti. Ipo. Ipo salama kabisa."

Ndani ya droo ya tatu sauti ilikuwa ikiwaomba abiria wasogee jukwaa la pili. Jirani alipoisikia alishika ukingo wa meza, na machozi yakamtoka bila kwikwi.

"Basi tupe tuondoke."

"Nakala halisi haitoki masijala."

"Lakini ni ya kwake."

"Barua zote ni za watu, binti."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. Jirani akachukua kipande cha karatasi, akaandika: "Nimebakiwa na siku nane. Naomba." Bwana Masijala alisoma mara mbili. Mwandiko ule ulimgusa sana, ulikuwa umelala upande kama wake. Akaitoboa, akainua mhuri. Mdogo mtu akainyakua kabla mhuri haujashuka, akaisokota na kuitia kwenye sidiria.

"Kuna utaratibu wa kuazima," Bwana Masijala alisema mwishowe.

Akatoa fomu. Kinachoazimwa: sauti, moja. Muda: siku saba. Kurudishwa: Ijumaa saa kumi kamili, na mwazimaji mwenyewe, mbele ya shahidi. Baada ya kurudishwa kitalala jaladani dakika kumi kwa ukaguzi, ndipo kitaweza kuazimwa upya. Kwenye nafasi ya sababu jirani aliandika: "Kazi." Mdogo mtu akauliza habari za nyayo, kikohozi na kicheko. Bwana Masijala akapitia kanuni kichwani, kwa nia njema kabisa, akajibu kwamba kwa kicheko sababu ya kikazi haionekani.

Msimamizi wa jengo aliitwa akasaini kama shahidi. Droo ikafunguliwa, folio ya arobaini na moja ikachomolewa, jirani akameza mate. "Abiria," alisema kujaribu. Sauti ilikuwa na vumbi kidogo. Hakushukuru, na Bwana Masijala aliandika kwamba amezidiwa na hisia.

Kutoka hapo jirani alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi, akaeleza yote kwa mdomo wake. Askari wa zamu alimsikiliza vizuri, hakumkatiza. Alipomaliza, akamuuliza kama ana karatasi yoyote inayoonyesha kwamba sauti ni yake.

"Si unanisikia nikiongea nayo?"

"Umeniambia mwenyewe umeiazima, na fomu umesaini. Mwenzako ana folio arobaini na moja. Wewe una nini, dada yangu?"

Akarudi chumba cha nane, maana kuhama nako kusingemsaidia: popote atakapokuwa, Ijumaa saa kumi alitakiwa kugonga chumba cha saba. Ijumaa moja aligoma. Saa kumi na dakika moja sauti ilimtoka akiwa sokoni anaulizia sabuni, ikarudi yenyewe droo ya tatu, na akalazimika kumwandikia msimamizi barua ya kuomba radhi kwa kuchelewesha. Hakugoma tena.

Wapangaji wakawa wanamwona akiingia kila wiki, kimya kimya, miguu haisikiki, na kutoka baada ya robo saa. Bwana Masijala siku hizo alinyoa ndevu, akaongeza kikombe cha pili mezani. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepewa barua yake mwenyewe baada ya kupokea za wengine maisha yake yote, na mwenye macho angemwonea huruma.

"Hongera, mwanangu," mama wa chumba cha sita alimwambia jirani koridoni. "Mzee mtulivu, hanywi, havuti."

"Mama, naenda kurudisha sauti."

"Ndiyo ndoa hiyo."

Ijumaa ya kumi na moja jirani alifika saa kumi kamili, akarudisha sauti, akasaini. Msimamizi wa jengo alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Bwana Masijala aliifunga folio mahali pake, akatazama saa ya ukutani. Kisha akasimama, akanyoosha tai.

"Jalada letu limefika folio tisini na tisa," alisema. "Folio ya mia hufunga jalada. Nakuuliza mbele ya shahidi. Kama una pingamizi lolote kuhusu suala letu la ndoa, litamke sasa."

Jirani akasimama. Akafungua kinywa, na ndani ya droo ya tatu sauti yake ikawatakia abiria safari njema. Akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka kilemba kikalegea, lakini fomu haikuwa na nafasi ya kutikisa kichwa. Akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Akanyoosha mkono kwenye kalamu, nayo kalamu ilikuwa mkononi mwa Bwana Masijala, imeshaanza kuandika tarehe. Akamgeukia msimamizi.

"Mimi sijasikia kitu," msimamizi alisema akiangalia kofia yake. Na kweli hakuwa amesikia.

Bwana Masijala hakuwa mtu wa kuharakisha mambo. Alisubiri dakika zote kumi, kalamu hewani, akimpa nafasi. Zilipotimia akaandika: "Ameulizwa. Hakutamka pingamizi. Shahidi yupo." Akagonga mhuri, msimamizi akasaini, jalada likafungwa. Ndipo akaifungua droo na kumwazima sauti yake kwa siku saba, sababu, kazi.

"Hapana," jirani akasema.

Alilisema kwa sauti ya kazini, ile inayofika mwisho wa jukwaa, na mama wa chumba cha sita alilisikia akiwa anapepeta mchele. Bwana Masijala akageukia saa. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na moja. Akamweleza kwa upole kwamba lililokuja baada ya jalada kufungwa halipotei, linafunguliwa jalada jipya. Akavuta karatasi safi na kuandika: "Amesema hapana. Mara moja. Kwa sauti kubwa." Akaitoboa matundu mawili, akagonga mhuri.

Jirani alifungua kinywa kulirudia. Sauti ilikuwepo, ulimi ulikuwepo, maneno mengine yote yalikuwepo. Lile halikuwepo. Lilisikika droo ya tatu, mara moja, wazi kabisa, na vile visigino vikasimama kulisikiliza.

Bwana Masijala akavuta kiti cha pili, akakifuta kwa leso, akamimina chai kwenye vikombe viwili.

"Utakunywa?" akauliza.

Jirani alilitafuta neno la kumjibu, akalikosa, akapokea kikombe.