Habari Niliyoiachia Njiani

“Na punda yuko wapi?” Eustadia aliuliza, na kigango kizima kikacheka.

Nilikuwa nimesimama mbele ya altare ya matofali mabichi, katika kigango kidogo upande wa Puge, Dominika ya tatu ya Majilio, mwaka 1974. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na cheo cha bwana maendeleo kilikuwa kinanipwaya kama koti la kuazima. Baada ya masomo, katekista Raymundi alinipa nafasi ya kusema. Nikawaeleza watu jinsi Maria, siku zake za kujifungua zimekaribia, alivyofunga mizigo na kufuata amri ya Kaisari mpaka Bethlehemu.

“Punda wenu ni trekta,” nilimjibu. “Lina tela, na tela lina turubai. Maria hakuwa na turubai.”

“Basi Maria alikuwa na bahati,” alisema Eustadia, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. “Punda akiona shimo hulizunguka. Huyo dereva wenu hulitafuta.”

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao. Niliwapenda watu wale. Nadhani mapenzi hayo ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kuwadanganya.

Kitongoji kile kilikuwa kimebaki na kaya kumi na moja. Nyingine zilikwisha kuhamia kijiji kipya kando ya barabara kuu, nami nilitakiwa kuzihamisha zilizosalia kabla ya mwaka kwisha. Zote zilikuwa zikimtazama Marko, mume wa Eustadia. Marko hakuwa mpinzani. Alisema jambo moja tu, na alilirudia kila nilipokwenda kwake: mke wangu ajifungue kwanza katika nyumba hii, kisha hata kesho yake nitakuja kwa miguu. Mtoto alitarajiwa katikati ya Januari.

Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na fomu. Wagonjwa, wazee sana na wajawazito waliokaribia siku zao waliweza kuachwa mpaka kiangazi. Nilipaswa kuandika jina na kutia sahihi. Sikuandika jina lolote. Nilifikiri nikimwacha Marko, kaya kumi zitabaki naye, na wajawazito watapatikana katika kila nyumba. Hivyo badala ya fomu nilitoa hotuba.

Ingekuwa rahisi leo kusema nilikuwa mnafiki. Miezi mitatu kabla ya hapo nilimpokea mama mmoja aliyekuwa ametembea tangu alfajiri kutafuta zahanati, mtoto mgongoni. Nilimsaidia kufungua kanga. Mtoto alikuwa amekwisha kufa, na mama alikuwa bado anambembeleza kwa kujitikisa. Toka siku ile, niliposoma katika karatasi za operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini maneno kama bomba, shule na zahanati, niliona watoto walio hai.

Tena nilikuwa mtoto wa Chemchem, pale mjini Tabora, ambako kila Desemba mama yangu alinikalisha uani nifinyange sanamu za udongo kwa ajili ya pango la Noeli la kanisani. Ng'ombe wangu walisifiwa. Watu nilikuwa siwawezi; walitoka wote na uso mmoja. Nilipenda habari ya Noeli kwa sababu kila aliyeambiwa aende mahali, alikwenda. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyewaambia.

Baada ya ibada, Apolinaria, mama yake Marko, alinisubiri nje.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umesema sisi ni wajukuu wa wapagazi.”

“Nimesema safari imo katika damu yenu.”

Pale tuliposimama ilipita njia ya zamani ya misafara kwenda Unyanyembe. Mvua kubwa ikinyesha, watoto huokota shanga katika udongo wake. Apolinaria aliielekeza kwa kidevu.

“Babu yangu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani mara tatu, na mara tatu akarudi kulala nyumbani kwake. Hilo hukulisema.”

“Kweli, bibi.”

“Na mvua ikianza, hakuna aliyejitwika mzigo. Mwarabu mwenyewe alikaa akisubiri watu walime, wavune. Wewe umetuletea trekta mwezi wa kumi na mbili.”

“Mwarabu alikuwa mfanyabiashara, bibi. Sisi ni ndugu zenu.”

“Ndugu,” alisema, kama mtu anayeonja mboga kujua imekosa nini. Akaenda zake.

Jumatatu Marko alikuja mwenyewe ofisini kwangu. Hakukaa.

“Umemshinda mke wangu kwa maneno,” alisema. “Anasema kama Mama wa Mungu alikwenda na tumbo lake, yeye ni nani akatae.”

“Ni mwanamke mwenye imani.”

“Ni mwanamke mwenye mimba.” Alitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi. “Bwana Maendeleo, hakuna njia nyingine?”

Mkoba ulikuwa begani kwangu.

“Hakuna,” nikasema.

Jumanne asubuhi tulishusha paa la nyumba yao, kama tulivyoagizwa, ili mtu asipate pa kurudi. Nyasi kavu zilipasuka mikononi mwetu na kutawanyika uani. Eustadia alipanda telani akakaa juu ya gunia la mtama, na mama mkwe wake akamshikilia mabega. Abbasi, dereva wa trekta, aliendesha taratibu kuliko siku zote. Nilimwona akipangusa kioo cha saa yake, akitazama nyuma, akipunguza tena mwendo. Hata hivyo mashimo yalikuwa mashimo. Eustadia alikuwa akinitania mpaka nusu ya njia. Baada ya hapo alinyamaza.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi. Kila kigingi kilikuwa na namba, na namba ya Marko ilikuwa thelathini na moja. Miti ya kuta ilikuwepo, lakini nyasi za kuezekea hazikuwepo. Ukame wa mwaka uliotangulia ulizimaliza, na zile zilizochipua sasa zilikuwa mbichi, haziwezi kuzuia hata umande. Niliwaahidi mabati. Mabati yalikuwa ndani ya lori, na lori lilikuwa ng'ambo ya mto uliofurika.

“Yatafika leo jioni,” nilisema Jumanne.

“Kesho,” nilisema Jumatano.

Alhamisi, saa tisa mchana, mvua ikinyesha, Eustadia alishikwa na uchungu.

Tulikuwa tumefunga turubai la tela juu ya miti minne. Upepo ulikuja mara moja tu. Ardhi ilikuwa imelowa, ikaiachia miti yote kwa pamoja, turubai likaanguka. Nilikimbilia pale, Apolinaria akanifukuza kwa ukelele. Si mahali pa mwanamume. Nikarudi nyuma nikasimama na Marko mvuani.

Ndipo wanawake walipotoka. Walitoka chini ya vipande vyao vya mikeka na masufuria waliyojifunika vichwani, wakaingia chini ya lile turubai, wakalinyanyua kwa mikono. Walikuwa saba. Marcelina, mke wa katekista, alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Mmoravian ambaye wiki nzima hakusemeshana na mtu kwa sababu ya mpaka wa kiwanja, na mwingine mke wa Abbasi, Mwislamu, aliyekuwa hajui hata jina la mgonjwa. Sisi wanaume hatukuona chochote ila turubai na, chini yake, miguu. Mmoja alipochoka, mwingine aliingia mahali pake na turubai halikutikisika. Walisimama hivyo kwa muda wa karibu saa tatu.

Watu huniuliza kama bado naamini ujamaa. Huwajibu kwamba niliuona Alhamisi ile, una miguu kumi na minne yenye matope. Haukuwa umeandikwa katika karatasi yoyote niliyoibeba.

Mtoto alilia kabla ya saa kumi na mbili. Alikuwa wa kiume, mdogo kiasi kwamba Marko alipompokea alitafuta pa kumshikia. Apolinaria alimbatiza papo hapo kwa maji ya mvua, akampa jina la Ambrosi, la marehemu mume wake. Usiku mzima wanawake walimpokezana kifuani. Ijumaa alinyonya kidogo. Jumamosi asubuhi kifua chake kilianza kutoa sauti kama ya karatasi, na kabla ya mchana kilitulia.

Marko alinifuata nilipokuwa nimekaa kwenye ngazi ya tela.

“Nizike wapi?” aliuliza.

Kwa mazoea nikakunjua ramani. Nilikuwa nimeichora mwenyewe kwa rula na penseli za rangi mbili. Palikuwa na shule, ghala, kisima, uwanja wa mpira. Nilipitisha kidole kutoka pembe moja mpaka nyingine, na Marko akafuatisha kidole changu kwa macho, mvumilivu, mpaka mwisho wa karatasi. Sikuwa nimeacha mahali pa makaburi.

Tulimzika nyuma ya uwanja wa mpira.

Miaka mitatu imepita. Sasa mimi ni mwalimu mjini Tabora, na ifikapo Majilio huombwa niseme machache juu ya maana ya Noeli, kwa kuwa watu wanajua nimesoma. Huwa nakataa. Maana ninayoijua niliipata siku nne baada ya mazishi yale, na sikuipata kwa kusoma.

Mkesha wa Noeli ya mwaka ule, jua likiwa bado juu, Raymundi alikuja akaniambia kwamba padri hawezi kuvuka mto, hivyo tutasali wenyewe, na mimi nitasema.

“Mwambie mtu mwingine, katekista.”

“Nilitaka kusema mimi. Eustadia amekataa. Anasema ile habari uliiachia njiani, na aliyeianza ndiye aimalize.”

Asubuhi ya Noeli watu walikaa juu ya magogo na mafurushi, mvua imekatika. Harufu ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, uliokuwa ukipikwa ilitanda kila mahali. Eustadia alikuwa mbele kabisa. Alikuwa amejifunga kaniki kifuani kwa nguvu, na juu ya kaniki maziwa yalikuwa yamechora madoa mawili. Marko alikaa karibu naye, panga miguuni, kwa kuwa alikuwa ametoka kuchonga miti.

Nilisimama. Maneno niliyoandaa yalikuwa mazuri, na yalinichukiza.

“Dominika ile niliwaambia habari ya amri,” nilisema. “Niliisema kana kwamba ilitoka kwa Mungu. Ilitoka kwa Kaisari. Kaisari alitaka kuhesabu watu. Mungu hakuwa kwa mwenye kuhesabu. Alikuwa tumboni, anabebwa juu ya mashimo, na wala hakuulizwa.”

Mtoto fulani alikohoa, mama yake akamfunika.

“Nilikuwa na karatasi,” niliendelea. “Karatasi za kuwaruhusu wajawazito wabaki mpaka kiangazi. Zilikuwa ndani ya mkoba huu. Marko aliniuliza kama kuna njia nyingine. Nikamwambia hakuna. Ilikuwapo.”

Marko aliinuka na panga mkononi. Nakiri kwamba niliogopa, na nakiri pia kwamba sehemu fulani ndani yangu ilitamani aje. Alipita karibu nami bila kunitazama, akaenda moja kwa moja mpaka kiwanja namba thelathini na moja, akaanza kukata miti. Apolinaria alijifunika uso kwa kanga. Raymundi alifungua kitabu chake, akakifunga.

“Endelea,” Eustadia alisema.

“Siwezi, dada.”

“Hujawafikisha Bethlehemu. Wako njiani bado.”

“Siwezi.”

Alinitazama. Sikuona msamaha katika macho yake, wala chuki. Niliona uchovu, na chini ya uchovu kitu fulani kigumu ambacho mvua haikukiondoa. Kisha akajikaza, akashika bega la mama mkwe wake, akainuka, akawageukia watu. Hakusema Kiswahili. Aliisimulia habari ile kwa Kinyamwezi, lugha ya jikoni kwake, polepole, kama mtu anayekumbuka njia aliyoipita mwenyewe.

Alisema walifika mji ambao kila mlango ulikuwa na sababu yake. Alisema Yosefu alibisha mpaka akaona aibu. Alisema uchungu ulipomshika Maria, wanawake wa Bethlehemu walisikia, wakaacha vyungu motoni, wakaja, wala hawakuuliza ni wa ukoo gani. Wanawake hao hawamo katika Injili yoyote. Raymundi, aliyekuwa akitusahihisha hata tukikosea jina la mtume mmoja kati ya kumi na wawili, aliinamisha kichwa akaacha wapite.

Alipofika kwa mtoto, alikwama. Marcelina alianza kuinuka kumsaidia, naye akamzuia kwa kiganja. Katika ukimya huo panga la Marko lilisikika vizuri, pigo baada ya pigo.

Eustadia akageuza uso kuelekea kule lilikokuwa likikata, akapandisha sauti mpaka ikapasuka.

“Alilia,” alisema. “Watu walimsikia. Alikuwa hai.”

Panga lilinyamaza. Kisha, baada ya muda, likaendelea.