Chupa ya Watoto Kumi

Alipoambiwa kwa mara ya tatu arudi wiki ijayo, mshona vifungo hakuinuka kwenye benchi.

"Umenisikia lakini?" muuguzi alimuuliza. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. "Chanjo ya surua ni chupa ya watoto kumi. Nikishaichanganya na maji yake inadumu saa sita tu, inayobaki inamwagwa. Leo mtoto ni huyu mmoja tu. Nitafunguaje?"

"Nimesikia, sista."

"Basi nenda salama."

Hakwenda. Alimpakata mwanawe wa miezi tisa na kuinamia sakafu. Huyu ndiye ambaye, akiishiwa uzi kule kwenye karakana ya sare za shule, alikaa bure robo saa nzima, akingoja mtu agundue, kwa sababu kuomba kulimtoa jasho. Lakini katika nyumba waliyopanga, chumba cha tatu kutoka chao, kulikuwa na mtoto mwenye macho mekundu kama pilipili, upele umemshuka kutoka usoni mpaka miguuni. Bomba moja, choo kimoja, ukumbi mmoja. Wiki ijayo ilikuwa mbali mno.

Wifi yake, aliyemsindikiza kumbebea mkoba, alimgusa bega. "Wifi, inuka twende. Unatutia aibu mbele za watu."

"Aibu nitabeba mimi. Wewe beba mkoba."

Wifi akaguna. "Kumbe ulimi unao. Kaka yangu anajua habari hizi?"

Muuguzi alikuwa ameshavuta kadi ya mtoto. Tarehe mbili za penseli zilikuwa zimekatwa, naye anataka kuandika ya tatu. Mshona vifungo akanyoosha mkono, akaifunika kadi kwa kiganja.

"Sista, usiandike tarehe. Andika kwamba leo nimemleta mtoto, chanjo ipo, nikarudishwa. Halafu uweke jina lako."

"Kadi haina nafasi ya maneno hayo."

"Hapa pembeni panatosha. Shule niliishia darasa la tano, lakini mistari miwili naisoma."

Muuguzi alivaa miwani, akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Binti, unanitafutia balaa? Mwisho wa mwezi naulizwa dozi zilizomwagwa, moja moja. Nitasema nini, kwamba nilifungua chupa nzima kwa mtoto mmoja?"

"Utasema alikuja mtoto." Mkono aliuacha palepale juu ya kadi. "Na mimi wakiniuliza kwa nini ameugua, niwaonyeshe nini? Penseli?"

Feni iliendelea kulalamika juu ya vichwa vyao. Muuguzi alikaa, akahema, akainuka. Alikwenda kwenye sanduku la barafu, akatoa kichupa kimoja, akavuta maji yake kwa bomba la sindano na kuyachanganya taratibu.

"Mshike mkono. Barabara."

Mtoto alipiga kelele zilizofika mpaka mapokezi. Wifi, aliyejifanya askari siku zote, aligeukia ukutani akifuta macho kwa ncha ya khanga.

Safari hii muuguzi aliandika kwa kalamu ya wino. Kisha akatazama saa. "Saa tatu na nusu. Mwisho wake saa tisa na nusu. Kaa hapo nusu saa nimwangalie mtoto. Dozi tisa hizo, binti. Nimezifungua kwa sababu yako."

Mshona vifungo alimkabidhi wifi yake mtoto. "Kaa naye, sista amwone."

"Unakwenda wapi tena?"

Alitoka mpaka kwenye geti la zahanati, akasimama pembeni ya barabara. Mwanamke mmoja alipita, mtoto mgongoni, ndoo kichwani. Alisogea hatua moja, akasita, mwanamke akaenda zake. Akapita wa pili.

"Mama, samahani. Mtoto wako ana miezi mingapi?"

Yule mwanamke alisimama, akampima kutoka juu mpaka chini. "Wewe ni muuguzi?"

"Hapana. Chanjo ya surua imefunguliwa sasa hivi, humo ndani. Hakuna foleni."

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu," alisema, akisogea kumzuia njia. "Ana miezi mingapi?"