Ombi la Longino

Mmisionari tuliyemsubiri alikuwa mzungu. Hakuna aliyetuambia hivyo, tulijua tu. Kwa hiyo aliposhuka mtu mweusi kuliko mimi, mwenye mwanya, amebeba sanduku moja na daftari, mwenye nyumba aliyetupangisha chumba pale Buzuruga alimwuliza mzungu wake yuko wapi. Mgeni alitabasamu, akagusa sikio lake, akatikisa kichwa. Aliitwa Boadu, mwinjilisti kutoka Ghana, kiziwi tangu akiwa na miaka mitano, na alikuwa amekuja Mwanza kuanzisha kanisa la viziwi. Kiswahili hakujua hata neno moja. Kiingereza alikiandika mbio kama karani wa mahakama.

Mimi, Noela, nilikuwa na kidato cha nne changu. Nilifanya kazi ya ukarani kwenye shirika la umma mpaka walipotupunguza mwaka tisini na tatu, kisha nikawa nauza mitumba sokoni Mirongo. Kiingereza cha kusoma nilikiweza. Zaidi ya hapo, mdogo wangu Longino alizaliwa kiziwi, na tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Nilimsemea dukani, nilimsemea hospitalini, na alipoomba kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki nilimsemea pia. Basi Boadu akaandika kwenye daftari lake kwamba nitakuwa mkalimani wake kwa watu wanaosikia. Nilikubali kwa majivuno, sitaficha.

Chumba tulichopanga kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Wenye masikio walikuwa wamekikimbia kwa kelele, kodi ikashuka, na viziwi wakakipenda kwa sababu kilikuwa na madirisha makubwa. Walipanga mabenchi kwa duara ili kila mmoja aione mikono ya mwenzake. Siku ya kwanza ya sala niliinamisha kichwa na kufumba macho kama nilivyofundishwa na Walutheri wenzangu. Boadu akanigonga begani. Kule walisali macho wazi, wakitazamana, na aliyefumba alikuwa amejitoa kwenye sala. Nikakaa macho kodo mbele za Mungu, nikijiona mtovu wa adabu.

Miezi ilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kupotea. Ishara zetu za nyumbani, mimi na Longino, hazikufika hata mia: kula, njoo, kazi, mama, meli, samaki, polisi. Tulikuwa tumezitunga wenyewe na zilitutosha, au mimi niliona zinatutosha. Boadu alimpa Longino ishara za jana na kesho, alimpa kama na labda, alimpa kwa nini. Jioni Boadu alifundisha ishara, mimi nikaandika ubaoni neno lake la Kiswahili, na Longino akalinakili kwa penseli huku ametoa ulimi pembeni. Kisha yeye na wenzake wakaanza kuzungumza kwa kasi ambayo sikuiweza. Walicheka, sikujua wanacheka nini. Kijana niliyemwogesha na kumvisha alikuwa ana mambo ya kusema na mimi siyaelewi. Nilichanganyikiwa na niliona wivu, na sikuweza kujua kipi kilikuwa kipi.

Kanisa lilizinduliwa Jumapili moja ya Agosti, mwaka tisini na tano. Tulialika ndugu wanaosikia, na shangazi yetu Kokushubira alikuja kwa meli kutoka Bukoba, amevaa kitenge kipya na kushika Biblia yake ya miaka yote. Utaratibu ulikuwa kwamba kila kiziwi asimame katikati ya duara, atoe ombi lake, na wengine waliombee kwa mikono. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya wageni na kuwatamkia. Umeme uliokuwa umekatika tangu Ijumaa ulikuwa umerudi, mashine ikawa inasaga hata kama ni Jumapili, ikabidi nipige kelele kama mnadani.

Longino akasimama, shati limenyooshwa. Alianza na ishara zetu mbili za zamani, mama na meli, kisha akaingia kwenye ishara mpya. Nilimfuata kwa shida. Alisema amesubiri miaka kumi na sita. Alisema sasa ni mtu mzima na anajua kuuliza njia. Alimwomba Mungu amsaidie kufika Bukoba amwone mama, amwulize kwa nini hakurudi, na kama ni yeye Longino aliyemkosea, amsamehe.

Nilidhani nimekosea kuelewa. Nilimfanyia ishara arudie. Akarudia polepole, kama anayemwelekeza mtoto, na maana haikubadilika.

Shangazi aligeuka. "Anasemaje?"

Nikamwambia. Akasema hakusikia, mashine ile, nirudie. Nikarudia kwa sauti kubwa, chumba kizima, kwamba Longino anataka kwenda Bukoba kumwona mama yake. Shangazi akaiweka Biblia magotini, akanitazama mimi, si Longino.

Mama alifariki hospitalini hapa Mwanza mwaka sabini na tisa. Sisi Wahaya mtu wetu hazikwi ugenini. Anarudishwa kwenye kibanja chake, shamba la ukoo, alale kwenye migomba yake. Jeneza likapakiwa melini, baba na mimi tukaondoka nalo. Longino alikuwa na miaka saba, na watu wazima waliamua abaki, maana mtoto kiziwi atapiga kelele msibani bila kujua. Mimi, binti wa miaka kumi na sita, nikaagizwa nimweleze. Ishara yetu ya kufa ilikuwa ile ya kuku, kidole kikikata shingo. Ningeifanyaje hiyo kwa mama? Nikamfanyia mama, nikamfanyia meli. Haikuwa uongo, mama alipanda meli kweli. Nilisema nitamfafanulia baadaye. Baadaye baba akaoa Karagwe akatusahau, na mimi nikawa na sufuria ya kuivisha kila siku, na ile baadaye haikufika.

Kila Desemba nilikwenda kufyeka kaburi. Kila Desemba Longino alisimama mlangoni na kunizuia, nami nikamsukuma, nikidhani ni ukorofi wa kiziwi. Niliporudi na ndizi na senene wa kukaanga alivipokea kwa mikono miwili na kugawa vichache vichache mpaka viishe. Siku ile pale kanisani ndipo nilipojua alidhani vinatoka kwa nani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka kumi na sita, na aliyetembezwa ni mwingine.

Viziwi walikuwa wameshainua mikono, wanaomba safari njema. Boadu aliona nyuso za wageni, akanisogezea daftari: mama yuko wapi? Nikaandika kwamba amekufa tangu sabini na tisa. Alisoma, akasimamisha maombi kwa kuinua mkono. Nilidhani yeye ndiye atakayemwambia Longino, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Badala yake akaandika: si mimi wa kumwambia. Akanionyesha ishara yao ya kufa, viganja viwili, kimoja kinatazama juu na kingine chini, kisha vinageuka pamoja. Akanishika mkono akaniingiza katikati ya duara.

Nilimfanyia mama. Nikageuza viganja. Longino alitazama mikono yangu, akanirekebisha, akadhani nimechanganya ishara kama kawaida yangu. Nikarudia. Mama, viganja. Akamtazama Boadu, na Boadu hakutikisa kichwa. Akaniuliza lini. Nikahesabu kwa vidole mpaka kumi na sita. Akauliza nani alimzika, nikamwonyesha baba, shangazi, mimi.

Kisha akajigusa kifua, akauliza: Mimi nilikuwa wapi?

Hilo sikuhitaji msaada wa Boadu. Nyumba ya jirani, Mama Selina, kula uji. Ishara zote hizo nilikuwa nazo tangu utotoni, na zilitoka mikononi mwangu bila kukwama hata moja. Nilianza kulia, nikamwambia kwa mdomo kwamba nilikuwa mtoto, nilikuwa mtoto mimi pia, huku nikijua hasikii. Alinitazama kama mtu asiyenijua, na mimi sikujua kama nimshike au nimwache.

Alinizunguka. Alichukua daftari na penseli ya Boadu, akaenda mpaka kwa Shangazi Kokushubira, akapiga goti kama tunavyowapigia wakubwa, akaandika kwa muda mrefu. Akampa.

Shangazi alilishika daftari. Maandishi yalikuwa makubwa, hata mimi niliyasoma kutoka nilipokuwa: NAOMBA UNIPELEKE KABURINI. Lakini macho yake yaliruka karatasi yakaja kwangu, kama yalivyokuja maisha yote ya Longino.

"Noela," akasema, "anasemaje?"

"Soma, Shangazi. Kakuandikia wewe."