Mmarekani wa Tatu

Msinitulize. Kila ninayekutana naye hapa Fulda ananiambia, "Henning, yameshapita, kunywa bia yako." Hayajapita! Nikimkumbuka yule bwana Buckley na kofia yake, damu inanichemka upya.

Miaka kumi na sita nimecheza mpira wa Kimarekani na Ngiri wa Fulda. Mchana naezeka mapaa ya watu, jioni navaa helmeti. Tulianzia kwenye kiwanja cha matope nyuma ya kiwanda, sasa tumo kwenye ligi ya kulipwa ya Ulaya, na muda wote huo sijagusa hata mechi moja ya mtoano. Masika haya daktari alilibonyezabonyeza goti langu akasema msimu huu ndio wa mwisho, nikibisha nitatembelea gongo. Chumba kizima cha kuvalia kililijua hilo. Kwa hiyo nilitaka mtoano mmoja tu, jamani, mmoja, kisha nikapumzike.

Buckley ndiye kocha tuliyeletewa kutoka Texas. Timu ilikuwa na Wamarekani wanne, na jezi zao zina herufi A kubwa kifuani, maana sheria ya ligi ni kwamba uwanjani wasizidi wawili kwa wakati mmoja. Wakizidi, adhabu. Mashabiki wetu wameshaigeuza burudani: kabla ya kila jaribio, yaani kila mpira unapotaka kuanzishwa, jukwaa zima linahesabu zile A kwa sauti, "Mmoja! Wawili!" halafu wanapiga miguu chini. Kwenye benchi, hesabu ilikuwa kazi ya Detlef, kocha msaidizi. Wiki ya mechi ya mwisho Buckley akamfukuza.

"Sihitaji mtu wa kunihesabia mpaka mbili," alisema, tena mbele yetu sote.

Detlef alichukua koti lake akaondoka. Jumamosi akaja na tiketi yake mwenyewe, akakaa jukwaani na soseji mkononi.

Tulicheza na Wadenishi kutoka Odense, mshindi anaingia mtoano. Tuliongoza kwa pointi nne, muda umebaki wa jaribio moja tu, na wao wako yadi mbili kutoka mstari wetu; wakiuvuka na mpira, wameshinda. Nimeinama, goti linawaka moto, namtazama yule mkimbiaji wao mnene, najua anakuja kwangu. Nilikuwa nimemwangusha mchana kutwa, na yeye alijua.

"Wewe, mzee! Toka!" Buckley huyo. Na Cody, Mmarekani aliyekuja naye kutoka kwao, anaingia mbio kuchukua nafasi yangu.

"Cody wa nini? Marquise na Tyler wamo tayari!"

"Nimesema toka, babu! Unabishana na mimi?"

Ningebaki, tungekuwa kumi na wawili, nayo ni adhabu vilevile. Nikatoka huku natukana. Jukwaa likaanza: "Mmoja! Wawili!" Kisha, "Watatu! Watatu!" Watu wote wamesimama, vidole vitatu juu, bibi vizee kwa watoto. Detlef ameinama kwenye chuma cha mbele ya jukwaa, anapunga soseji, "Watatu, we mpumbavu, watatu!"

Na Buckley, mnajua alifanya nini? Alitabasamu! Alidhani anashangiliwa. Akanyoosha vidole vitatu na yeye, akawapungia. Nikamshika mkono, akaukung'uta kama ameguswa na nzi.

Mpira ukaanza. Cody akamdaka yule mnene kiunoni, wakaanguka pamoja, mstari haujavukwa. Wenzangu wakarukiana, Buckley akarusha kofia hewani. Jukwaani watu walikuwa wanatazama kitambaa cha njano cha adhabu, mwamuzi amekitupa kwenye nyasi.

Mechi haiishi kwa kosa la wanaozuia. Jaribio likarudiwa, sasa yadi moja tu.

"Mzee! Ingia!"

Ingia! Mwili umeshapoa, goti limekaza. Niliingia. Nilimpiga bega sawasawa, naapa, na palepale goti likalia pa! Akaniangukia kwa juu na mpira wake, ng'ambo ya mstari.

Chumbani nilikaa na barafu gotini. Buckley akaingia, kofia kichwani, akaja moja kwa moja kwangu akanipiga bega.

"Usivunjike moyo, mzee. Mwakani mtoano tutaingia, mimi na wewe."

Mwakani! Marquise, mgeni kama yeye, alifunika uso kwa taulo. Cody akatazama viatu vyake. Mimi nilitaka kumtupia ndoo ya barafu, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa kingine.

"Kocha, mimi naitwa nani?"

Akacheka. "Acha utani."

"Msimu mzima nimekuchezea. Naitwa nani?"

Akageuka kuwatazama wengine, hakuna aliyemsaidia. Halafu akasogea upande kidogo, akanyoosha shingo, anatafuta jina mgongoni kwangu. Jezi nilishaivua. Nilikuwa nimeikalia, na sikunyanyuka.