Mgongo wa Lorenz

Baba yangu, Ewald, alimchukia Lorenz tangu siku aliposajiliwa na timu yetu ya mpira. Mtoto wa daktari wa meno, viatu vyeupe pe, nywele zimepakwa mafuta. Baba alichimba makaa ya mawe hadi mgodi ulipofungwa, na vumbi lake bado limo mapafuni. Haendi popote bila kiti cha magurudumu na mtungi wa oksijeni. Kwake timu ndiyo mgodi uliobaki. Ukifungwa mabao, atakusamehe. Ukitembea uwanjani badala ya kukimbia, umewatukana wafu wake wa mgodini.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alikuwa akisema. "Huyu hata kiuno hakikunji!"

"Baba, pumua kwanza, matusi baadaye."

"Wewe sukuma kiti."

Siku ya mwisho ya msimu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tusiposhinda, tunashuka daraja. Na Lorenz, Mungu shahidi, alikimbia. Alianguka, akainuka, akakaba mpaka mabeki wao wakaanza kumkwepa. Dakika ya mwisho tukapata penalti. Akapiga yeye. Mpira ukagonga mwamba, ukatoka nje, nasi tukashuka daraja.

Hapa kwetu, timu ishinde isishinde, wachezaji huja kwenye uzio wa kaskazini kutuaga. Wenzake walikuja vichwa chini. Lorenz alibaki amekaa kwenye tope. Watu walikuwa wamefura. "Mleteni huyo!" Nilijua wakimzomea siku ile, hatacheza tena hapa, pengine hatacheza tena popote. Na niliogopa zaidi kwa sababu wengi walikuwa wanamtazama baba, waone ataanzaje kuzomea.

Lorenz akaja, peke yake, analia waziwazi.

Baba akaniamuru nimsogeze hadi kwenye geti la uzio. Akasimama, ameshikilia chuma.

"We kijana! Vua jezi."

"Baba, nakuomba," nikasema.

Lorenz alidhani ananyang'anywa. Akaivua, akampa.

"Haya, geuka."

Wazee waliokuwa karibu, wachimbaji wenzake wa zamani, wakavua kofia. Wao walielewa kabla yangu. Mgodini, zamu ikiisha, kila mtu bafuni alimsugua mgongo aliye mbele yake, kwa kuwa mgongo wako huufikii mwenyewe. Awe mgeni, awe hasimu wako, ukishachafuka naye kule chini, unamsugua.

Baba akatoa leso, akaanza kufuta tope lililopenya jezi, polepole, akihema. Kimya kikaenea jukwaa hadi jukwaa, uwanja mzima, maelfu ya watu, hata nikasikia mtungi wake ukikoroma. Sijaona jambo kubwa kama lile maishani mwangu, wala sikujua mikono ya baba ina upole kiasi kile.

"Kumbe una mgongo," akamwambia. "Nilikuwa sijauona."

Alipomaliza, Lorenz akaichukua ile leso.

"Na wewe, mzee. Geuka."

"Mimi sijachafuka, mwanangu. Miaka mingi sasa."

"Geuka tu, mzee wangu."

Na baba, ambaye hakuna aliyemgusa mgongo tangu mgodi ulipofungwa, akafungua vifungo vya shati mvuani, akageuka.