Mluzi wa Mzee Uwesu

Asubuhi ya siku ya tatu ya msako sauti ya Lameck, mtendaji wa kijiji, ilikuwa imekauka, lakini kipaza sauti hakukiachia. Aliliita jina la Bibi Joha kuelekea bondeni, akasikiliza, akaliita tena. Msitu wa Igomwa, kule juu milimani kusini mwa Gulwe, haukumjibu kitu zaidi ya matone. Mvua ya huko si kama ya Dodoma mjini, inayopita ikaaga. Ya huko inahamia kabisa.

Penina alikuwa ameketi juu ya gogo, viatu vimejaa maji. Alikuwa akimfikiria bibi wa miaka sabini na ushee, nguo moja mwilini, baridi ile, siku mbili usiku na mchana. Usiku wa tatu usingemwacha hai. Kila mtu pale alilijua hilo na hakuna aliyethubutu kulisema.

Penina alikuwa mwalimu wa isimu chuoni Dodoma, na nyumba yake ya Area D ilikuwa imefungwa kufuli siku nyingi kuliko ilivyokaliwa. Mwaka wa tatu huu alikuwa akiishi msituni na Wagomwa kujifunza lugha yao, ambayo wasemaji wake hawakufika hata thelathini. Aliyemfundisha ni Bibi Joha. Alimlisha, alimcheka ulimi wake mzito, akamwita "mwanangu" kwa Kigomwa, na Kiswahili akamkatalia katakata. Kiswahili, alisema, ni cha wageni, cha kununulia chumvi. Ndani kwake hakiingii. Kwa hiyo Penina hakuwa akitafuta mtu wa utafiti wake tu. Alikuwa akimtafuta mama.

Pembeni yake Hana, binti wa Bibi Joha, alikuwa amekaa kimya tangu alfajiri.

"Dada Hana," Penina alimwambia kwa Kigomwa, "tangu juzi sijakusikia ukimwita mama. Kwa nini?"

"Msituni mtu haitwi jina," Hana alijibu. "Kinachokuita jina msituni si mtu. Ukikisikia unajificha, unaziba mdomo mpaka kipite."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikwambia. Uliandika."

Na kweli aliandika. Ilikuwa kwenye daftari la kwanza kabisa, mwaka wa kwanza, chini ya kichwa cha habari "Imani". Alikipigia mstari kwa wino mwekundu, akafurahi kupata kitu kizuri, akaenda zake kula. Na jana kutwa nzima ni yeye aliyekuwa ameshika kile kipaza sauti. Msomi mzima. Siku mbili hawakuwa wakimtafuta Bibi Joha, walikuwa wakimtisha, na kila walipoita ndivyo alivyozidi kujichimbia. Penina alisikia aibu.

Alimnyang'anya Lameck kipaza sauti. "Usiite tena, tafadhali."

"Sasa tufanyeje, mwalimu?"

Wagomwa msituni huitana kwa mluzi. Watoto wa tumbo moja hutunga wao wenyewe mluzi wao wakiwa wadogo, na mwingine yeyote haupigi, hata mtoto wa kumzaa. Hana asingeweza. Aliyekuwa amebaki na mluzi wa Bibi Joha ni kaka yake, Mzee Uwesu, naye walimzika masika yaliyopita.

Penina alikuwa nao kwenye simu, ameurekodi mzee akiwa hai. Sekunde tisa. Baada ya maziko Bibi Joha alimshika mikono yote miwili akataka ufutwe, kwa sababu sauti ya aliyekufa haitakiwi kusikika tena juu ya ardhi. Penina alimbembeleza siku nzima, wakafikia mapatano: ubaki, lakini usisikike kamwe. Alikula kiapo mbele ya ukoo mzima, Hana akiwemo.

Akamtazama Hana. Hana aliitazama ile simu, akavua kitenge mabegani, akajifunga kichwa na masikio.

"Mimi sijasikia kitu," akasema, akateremka njia ya bondeni peke yake.

Penina alisogeza simu kwenye kipaza sauti, akabonyeza. Mluzi ukatoka, ukapanda, ukashuka mara mbili, ukakatika. Hakuna kitu. Lameck alikuwa ameshavua kofia, hata mwenyewe hajui kwa nini. Penina alirudia, na safari hii akajikuta anaomba Mungu kwa Kigogo, lugha ya mama yake aliyemzaa.

Jibu lilitoka hatua arobaini tu kutoka pale, kwenye pango la mti ambao jana waliupita mara tano wakipiga kelele. Mluzi mwembamba, wa kinywa kikavu. Kisha Bibi Joha akatoka akitambaa, kifundo cha mguu kimevimba, midomo imepasuka, na uso umejaa furaha.

"Yuko wapi?" aliuliza kwa Kigomwa, akichungulia nyuma ya bega la Penina. "Nilijua nimeshakufa. Kaka amekuja kunipokea. Yuko wapi?"

Macho ya bibi yalishuka taratibu mpaka mkononi mwa Penina, yakaiona simu. Ile furaha ikaondoka, wakambeba mpaka zahanati kwa machela ya miti na blanketi.

Wiki mbili baadaye Penina alipanda tena na sukari na kitenge kipya. Bibi Joha alikuwa mlangoni, mguu umefungwa bandeji, anachambua mboga. Penina alimwamkia kwa Kigomwa, kama mtoto anavyomwamkia mama.

Bibi Joha aliinua uso. Haukuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Penina kuliko yote.

"Karibu, mgeni," akasema kwa Kiswahili. "Umekuja kwa nani?"

Penina alijibu kwa Kiswahili hichohicho kwamba alipita tu kumjulia hali.