Zamu za Saa Mbili

Siku Baba alipoondoka kwenda kuacha pombe, aliliacha sanduku la mashine yake ya kunyolea chini ya meza ya jikoni, na hapo ndipo nilipojua kwamba safari hii ni nyingine. Kutokuwepo kwake tulikuzoea. Alikuwa mnyoa kondoo, na wanyoaji wa Hay, mji wetu mdogo huko Australia, hutoka Jumapili mchana wakarudi Ijumaa, au baada ya wiki sita kama mabanda ya kunyolea yako mbali. Alikuwa akirudi suruali imekakamaa kwa mafuta ya manyoya, na Mama akimzuia kwenye mlango wa nyuma mpaka aivue. Lakini hakuwahi kuondoka bila lile sanduku.

Ulikuwa mwezi wa Agosti. Gari niliendesha mimi, mwendo wa saa tatu mpaka mji wa Wagga. Mama alikaa nyuma, Baba mbele, mikono ameibana kwapani isionekane inavyotetemeka. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa bia mbili, kwa maelekezo ya daktari. Mwezi wa Mei alijaribu kuacha mwenyewe, kwa ubishi tu, na siku ya pili akaanguka jikoni akatupwa na degedege, Mama amemshika kichwa kisigonge jiko. Daktari alituambia kwamba aliyekunywa miaka thelathini akiacha ghafla peke yake anaweza kufa. Sharti awe mahali penye wauguzi.

Mama naye alikuwa amekwisha sema la kwake. Baba akirudi kabla ya siku ishirini na nane, mlango ataukuta umefungwa. Hakulisema kwa hasira. Alilisema huku akikunja mashuka.

Aliyetupokea kituoni aliitwa Litia, muuguzi kutoka Fiji, mnene, mwenye sauti ya kuimba kanisani. Alimwaga begi la Baba mezani, akachukua simu, akatoa manukato ya baada ya kunyoa ndevu na dawa ya kusukutulia kinywa, kwa sababu zote zina spiriti. Kisha akafungua keki ambayo Mama alimfungashia Baba. Katika mabanda, mnyoaji hupimwa kwa kondoo na mpishi hupimwa kwa keki, na Mama aliwahi kuwapikia wanyoaji kabla hajaolewa. Asingemwacha mumewe aende mwezi mzima bila keki ya matunda. Litia akainusa.

"Mama Beryl," akasema, "nikiwagawia hii, kesho sitakuwa na wagonjwa, nitakuwa na harusi."

Mama alikuwa ameilowesha brandi wiki mbili, kama alivyofanya maisha yake yote, na wala hakufikiria. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Baba akacheka hadi akakohoa. "Miaka yote ananificha chupa. Leo kanifungashia mwenyewe."

Litia alitueleza yatakayokuja. Wiki ya kwanza ni ya mwili. Atapewa vidonge vitakavyopunguzwa siku hadi siku, atachomwa sindano za vitamini, atapimwa presha na mtetemeko kila baada ya saa chache. Atatoka jasho, usingizi utampaa, huenda akaona visivyokuwepo. Baada ya hapo wiki tatu za kukaa duara na kuzungumza, kuosha vyombo, kufagia, kupika kwa zamu. Simu dakika kumi kila Jumapili. Kumtembelea, Jumapili ya tatu.

Mama aliuliza kama mlango hufungwa kwa ufunguo. Haufungwi. Akauliza tena.

"Ukifungwa itakuwa jela, mama," Litia akasema. "Hapa anakaa kwa kutaka."

Njia nzima ya kurudi Mama aliipakata keki, na hakuna aliyeonja.

Kilichotokea siku ya nne nilikisikia kwa Baba mwenyewe, mara nyingi, na kila mara kwa namna tofauti kidogo. Walikuwa wamemwambia aishi siku moja moja. Maneno hayo yalimchosha. Siku moja kwake ilikuwa kondoo mia na sitini, na hakuna mnyoaji anayeinama asubuhi akiwaza mia na sitini. Anawaza mpaka kengele. Siku ya bandani ina zamu nne za saa mbili mbili, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, kati yake chai, chakula, na chai tena, na kengele ya kuanza na ya kumaliza anaipiga bosi. Alikuwa amemweleza Litia hayo yote akilalamika.

Asubuhi ya siku ya nne akafunga begi, akaketi barazani kungoja teksi aliyoomba aitiwe. Alijua mlango wa nyumbani utakuwa umefungwa. Alisema hakujali, alitaka tu mikono itulie. Litia akaja, akaketi kando yake.

"Saa hizi ni zamu ya ngapi?"

Baba akatazama saa. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. "Ya kwanza."

"Mnyoaji huondoka katikati ya zamu?"

"Hata mlevi haondoki katikati ya zamu."

"Basi ngoja kengele, Vern."

Teksi ilifika, akairudisha. Saa tatu na nusu Litia akatoka na kikombe cha bati, akakigonga kwa kijiko, akampa chai. Saa nne akakigonga tena. Hivyo hivyo mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Wenzake wakaanza kuuliza ni zamu ya ngapi.

Tulipomtembelea Jumapili ile ya tatu, alikuwa amenenepa usoni. Mama alimletea keki nyingine, ya maji ya chungwa badala ya brandi. Baba akaonja. "Beryl, hii ni adhabu ya pili," akasema, kisha akala vipande vitatu.

Siku ya ishirini na nane mlango wa nyumbani ulikuwa wazi, umeegemezwa tofali usijifunge kwa upepo. Wiki hiyo hiyo Baba alimwomba mwenye banda moja lililokwisha fungwa amuuzie kengele yake, akapewa bure, akaitundika kwenye baraza ya nyuma. Mama ndiye aliyekuwa bosi wa kuipiga. Baba alipostaafu kunyoa, hata kupogoa mizabibu alipogoa kwa zamu. Siku mbaya zilikuwepo. Niliwahi kumkuta amekaa chini ya ile kengele, macho kwenye saa ya mkononi, nami nikakaa naye mpaka Mama akatoka kuipiga.

Hakunywa tena miaka kumi na moja. Machi mwaka huu moyo wake ukasimama, shambani, katika zamu ya tatu.

Tangu hapo ninakaa na Mama. Saa tatu na nusu anaipiga kengele, tunakunywa chai, na saa nne anaipiga tena.